Sura ya Saba: Bunduki ya Mtu wa Kutembea

"Ishike vizuri, Inspekta. Hiyo si mwiko wa ugali," alisema Bushiri.

Inspekta Evodius aliipandisha bunduki begani, akalenga gunia la chumvi kwenye kona ya duka, akakaa hivyo mpaka mkono wa kushoto ukachoka. Ilikuwa nzito kweli. Mtutu mnene, kitako cha mti mweusi kilicholainishwa na mashavu ya watu waliokwisha kufa. Akailaza juu ya kaunta.

"Sasa nipe mdogo wake."

Bushiri aliinama kwenye kabati la chuma, akatoa nyingine. Hiyo ilipanda begani kama imezoea. Mtutu mwembamba, kitako chembamba, mkanda mpya wa ngozi. Mtu angeweza kuibeba kutoka Tarime mpaka Mugumu na akifika aulizwe kama ameisahau njiani.

Duka la Bushiri ndilo pekee mjini Tarime lililokuwa bado na kibali cha kuuza silaha. Baba yake alikuja kutoka Pangani akiuza kanga. Yeye alizaliwa hapahapa, na akikasirika anatukana kwa Kikurya. Zama hizo za maduka ya vijiji na foleni za sabuni, rafu zake zilikuwa na chumvi, viberiti na vumbi. Ni kabati la chuma tu lililokuwa na mali, na mali yenyewe hakuna aliyeweza kuinunua, ila kijiji kizima kikijichanga.

Na kijiji kimoja kilijichanga. Songambele, kijiji cha ujamaa kule mbele ya Nyamongo, karibu na Mto Mara, kiliuza pamba yake kikanunua bunduki ya kulinda mashamba. Mlinzi aliitwa Werema. Wiki iliyopita nyati alimuua Werema katikati ya mahindi ya kijiji, na juu ya hilo hapakuwa na ubishi. Ubishi ulikuwa juu ya bunduki, maana ilitoweka siku ileile. Machage, shemeji wa marehemu, aliyekuwa naye shambani, alisema ameiacha palepale alipoanguka mwenzake. Ilikuwa imelowa damu, na kwa mila yao kitu chenye damu ya mtu aliyekufa vile hakipiti mlangoni kabla ya kuchinjwa mbuzi. Kesho yake walipokwenda na mbuzi, bunduki haikuwepo.

Mkuu wa Evodius alicheka mpaka akakohoa. "Bunduki ya maelfu aiache porini, anasubiri mbuzi? Huyo ameiuza Sirari." Evodius naye alicheka. Ndiye aliyeandika maelezo ya Machage, ndiye aliyemshika kidole akakibonyeza kwenye wino, ndiye aliyemfungia mlango wa rumande. Kisha akaenda mpakani Sirari kumwinda mtu aliyesemekana anauza bunduki. Alipomkamata, akakuta ni gobore la babu yake, limeota kutu, halina hata kifyatulio. Njiani kurudi ndipo alipojiuliza swali ambalo angepaswa kuanza nalo. Bunduki yenyewe ni ya namna gani, na nani angeitaka?

"Bei zake?" aliuliza sasa.

"Nzito, elfu moja na mia nane. Nyepesi, elfu tatu na ushei."

"Chuma kidogo, bei kubwa."

"Ndiyo dunia ilivyo. Mnene anauzwa kwa kilo, mwembamba anauzwa kwa sifa." Bushiri alitoa risasi mbili mfukoni mwa koti, akazisimamisha kaunta. Moja ilikuwa nene kuliko kidole gumba. Nyingine ilikuwa kama kalamu iliyochongwa. "Hii ya nzito. Nyati akiipata kifuani anapiga magoti. Hii nyingine ni ya swala. Hata ya pofu, yule swala mkubwa, kama mkono wako umetulia. Ukimpiga nyati nayo, umemwonyesha ulipo."

"Na Songambele walikuwa wanasumbuliwa na nini?"

"Nyati, Inspekta. Nyati na nguruwe pori. Wamehamishiwa kwenye njia ya wanyama, nani aliwauliza nyati?"

"Halafu wakanunua bunduki ya swala."

"Wakanunua ya swala."

"Na wewe ukawauzia."

"Nikawauzia. Mimi mfanyabiashara, si mshenga wao."

Evodius aliichukua nyepesi tena, akaipima mkononi. Alikaa miaka mingi katika ghala la silaha la polisi kabla ya kuwa mpelelezi, na kwa bunduki hadanganywi. Mlinzi wa shamba hukaa juu ya dungu, kichanja cha miti shambani, bunduki imeegemea mti, yeye anasubiri. Uzito haumhusu. Anayelipia wepesi ni mtu wa kutembea.

"Wezi wa ng'ombe wangeipenda?" aliuliza.

"Hao wanatembea kuliko sisi sote."

Jibu hilo lilimuuma, kwa sababu ndilo lililokuwa midomoni mwa mkuu wake tangu mwanzo. Aliigeuza bunduki. Juu ya mtutu, karibu na mahali pa kutilia risasi, palikuwa na vitundu vinne vidogo vyenye nyuzi za skrubu.

"Hivi vya nini?"

"Vya kufungia darubini."

"Na ile ya Songambele?"

"Ile iliondoka hapa na vishikio vyake kabisa. Nilivileta kutoka Mwanza, vya kuagizwa."

"Mwizi wa ng'ombe anafanya kazi usiku. Kwa darubini atatazama giza? Mlinzi naye yuko gizani. Nani aliviagiza?"

Bushiri ghafla aliona chumvi yake inamwagika. Akaenda kulifunga gunia ambalo halikuwa na tatizo lolote.

"Kamati ya kijiji," alisema akiwa ameinama.

"Kamati nzima ilikuja hapa?"

"Alikuja marehemu Werema. Aliishika hii nzito, akaipapasa kama ng'ombe wa mahari, akasema hii ndiyo. Mwenzake akacheka. Akamwambia, mzee, hiyo ya wakoloni, chukueni ya kisasa, fedha mnazo. Werema akaniangalia mimi. Nami nikaangalia bei."

"Mwenzake ni nani?"

"Inspekta, leseni yangu inapita kwenye meza za watu wengi. Sitaki mmoja wao anikumbuke." Aliinuka, macho yamemwiva. "Nenda kule kule Songambele. Uliza nani alikuwa anakula swala."

*

Barabara ilipita Nyamongo na Kerende, kisha ikakoma kuwa barabara. Nyumba za Songambele zilisimama kwa mistari iliyonyooka, kama wanafunzi wanaosubiri viboko. Kila moja ilikuwa na namba mlangoni. Nyuma yake mahindi yalikuwa yamelazwa upande mzima, na hakuna aliyehangaika kuyainua.

Evodius hakwenda kwa mwenyekiti. Safari iliyopita polisi walihoji wanaume tu, wote walisema hawajui, na karatasi zilijaa kutojua kwao. Safari hii aliomba ruhusa kwa wazee wa ukoo azungumze na mjane. Walinong'onezana, wakamkubalia, kwa sharti mama mkwe awepo.

Bhoke, mjane wa Werema na dada wa Machage, alikuwa amekaa juu ya ngozi, nywele zimenyolewa. Pembeni yake alikaa bibi kizee Mogesi, mama wa marehemu, anachambua mtama bila kuutazama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," alijibu Mogesi. "Umekuja kuchukua na huyu?"

"Nimekuja kuuliza."

"Wenzako waliuliza wanaume," alisema Bhoke. "Mimi sikuulizwa."

"Sasa nakuuliza. Marehemu aliipenda ile bunduki?"

"Aipende? Alikuwa anaitukana kila jioni. Alisema hii ni bunduki ya kupigia picha."

"Siku asizolinda shamba, nani alikuwa anatembea nayo?"

Bhoke alimtazama mama mkwe wake. Mogesi aliacha mtama. "Sema," alisema. "Aliyekufa ameshakufa. Watatuua tena mara ngapi?"

"Katibu Tarafa," alisema Bhoke. "Bwana Venant. Kila Jumapili anakuja na landrova, anaichukua, anaweka kile kioo chake cha kuona mbali, wanavuka mto. Mume wangu ndiye mbeba nyama. Swala, pofu. Mwenyekiti anapata paja. Sisi tunapata kichwa."

"Risasi zilikuwa za nani?"

"Za kijiji. Siku ile nyati wameingia, zilikuwa zimebaki mbili. Machage anasema mume wangu alipiga zote mbili, zikaingia. Yule nyati akageuka tu, akamfuata."

Evodius aliandika, kalamu ikakwaruza karatasi. Alishikwa na hasira, na hasira yenyewe haikujua pa kwenda, maana naye alikuwa amecheka.

"Bwana Venant alikuja msibani?"

"Alikuja jioni ile ile. Mvua ilikuwa imepiga. Alisema pole, hakula. Akaniuliza, mama, bunduki iko wapi? Nikamwambia iko shambani, ina damu, tumeifunika na majani chini ya mgunga, karibu na dungu. Kesho tunachinja mbuzi."

"Ulimwambia na mahali?"

"Mkubwa akikuuliza, utamficha?"

"Na Machage alipokamatwa, mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Mwenyekiti?" Bhoke alicheka kicheko kikavu. "Nimekwambia paja lilikuwa linakwenda wapi."

Mogesi alimwonyesha Evodius kidole chenye vumbi la mtama. "Wewe. Huyu mtoto Machage atarudi?"

"Nikiipata bunduki, atarudi."

Alilisema bila kufikiri, kama mtu anayemtuliza mgonjwa. Bhoke alimtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Umesema mwenyewe," alimwambia.

Kabla ya kuondoka alipita shambani. Chini ya mgunga alikuta matawi yamekauka, mengine yameganda damu nyeusi, yamesukumwa kando kwa mguu. Machage hakuwa ametunga neno. Hatua chache kutoka pale, kwenye udongo uliolowa siku ile na kukauka baadaye, gari lilikuwa limeingia, likageuka na kurudi lilikotoka. Songambele nzima haikuwa na gari wala pikipiki. Evodius aliipima alama ya tairi kwa kipande cha kamba, akaifunga fundo, akaitia mfukoni.

*

Bwana Venant hakuwa ameificha. Hilo ndilo lililomkatisha Evodius pumzi. Bunduki ya Songambele ililala mezani, kwenye baraza ya nyumba ya serikali, juu ya gazeti, imepakwa mafuta, darubini imefungwa juu yake. Venant alikuwa anafuta kioo cha darubini kwa kitambaa cheupe.

"Mwana wa kwetu!" aliita. Wote wawili walitoka Bukoba, na huko ugenini Venant hakukubali mtu asahau. Akamsogezea kisahani cha kahawa za kutafuna. "Karibu. Umenikumbuka leo."

Evodius hakugusa kahawa. Alisoma namba iliyochongwa kwenye chuma. Ndiyo yenyewe.

"Hii inatafutwa."

"Nasikia. Nilikuwa nataka kuja huko kwenu, kazi zimenibana."

"Kuna mtu yuko ndani kwa ajili ya hii."

"Pole yake."

"Uliichukua jioni ya msiba, chini ya mgunga. Nina kipimo cha tairi lako na nina shahidi."

"Kipimo cha nini, ndugu yangu? Ungeniuliza tu." Venant aliweka kitambaa chini. "Niliichukua, ndiyo. Nilimwambia mwenyekiti mdomo kwa mdomo kwamba naihifadhi. Muulize."

Evodius alijua mwenyekiti atajibu nini, na alijua jibu hilo limelipiwa kwa nyama.

"Wewe ndiye uliyeichagua dukani," alisema. "Werema alitaka ile nzito. Ilikuwa karibu nusu ya bei, na ingemwangusha nyati. Ukawanunulisha watu wenye nyati bunduki ya swala, kwa sababu wewe ndiye utakayeibeba Jumapili, na nzito ingekuchosha bega."

"Niliwashauri wachukue kitu cha kisasa. Andika hivyo. Halafu nitafutie kifungu kinachosema mtu anafungwa kwa kuchagua bunduki."

"Mtu amekufa, Venant."

"Ameuawa na nyati. Daktari ameandika nyati."

"Na risasi za kijiji?"

"Sisi wote ni kijiji." Akacheka kidogo, akatafuna kahawa. "Unataka kuniita mwizi? Mali ya serikali iko nyumba ya serikali. Serikali haijiibii. Mimi nimeiokoa. Ingelala pale mpaka kesho, na hao wezi wa ng'ombe wanapita kila siku, sasa hivi ingekuwa wapi? Badala ya kunifunga, ungenishukuru."

Evodius aliinyanyua bunduki kutoka kwenye gazeti. "Naondoka nayo."

"Ondoka nayo. Nipe risiti." Venant alimsindikiza mpaka kwenye ngazi, mkono begani kama ndugu. "Jambo moja tu, mwana wa kwetu. Wewe unaijua sheria kuliko mimi. Aliyebaki na silaha, akaitelekeza porini, akaenda kulala nyumbani kwake, huyo anafanywaje?"

Evodius alisimama kwenye ngazi. Maelezo ya Machage yalikuwa kituoni, yameandikwa kwa mwandiko wake mwenyewe, yana alama ya kidole. Bunduki niliiacha mimi. Nikaifunika majani. Nikaenda nyumbani. Yalipoandikwa hakuna aliyeyaamini, kwa hiyo hayakumdhuru mtu.

"Karibu tena," alisema Venant.

*

Mkuu wake aliisoma taarifa yote, akaikung'uta bunduki kidogo kana kwamba ina vumbi, akafurahi. Silaha imepatikana. Shtaka la wizi limekufa. Kuhusu Katibu Tarafa, mwenyekiti wa kijiji alikuwa ameulizwa kwa simu ya upepo na kukiri kwamba aliarifiwa. Kuhusu swala, hakuna aliyekamatwa na nyama mkononi. Kuhusu duka la Bushiri na bunduki nzito, mkuu alipiga mstari kwa wino mwekundu, akasema hayo ni maoni.

"Na huyu wa rumande?" aliuliza.

"Aachiwe, afande. Alisema kweli tangu siku ya kwanza."

"Alisema kweli kwamba aliitelekeza." Mkuu aligonga karatasi kwa kucha. "Umeithibitisha wewe mwenyewe. Matawi, damu, mgunga, shahidi dada yake. Kazi nzuri sana. Mwandikie shtaka hilo. Na bunduki irudi Songambele, ila itunzwe kwa Katibu Tarafa. Wale watu hawajui kutunza silaha."

Evodius alibisha. Alibisha kwa adabu, kisha bila adabu, mpaka akaambiwa Sumbawanga nako kuna upungufu wa wapelelezi. Akapiga saluti, akatoka, akaandika shtaka. Aliliandika vizuri, kwa sababu hakujua kuandika vibaya.

Bhoke alikuwa nje kwenye benchi la kituo tangu asubuhi, amemletea kaka yake shati safi la kutokea. Habari ya bunduki kupatikana ilikuwa imefika Songambele mbele ya gari la polisi. Alipomwona Evodius alisimama, akampa shati kwa mikono miwili. Evodius alilipokea, akaenda nalo rumande.

Machage alipokea shati kupitia nondo, akalivaa haraka, akafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni. Alikuwa anatabasamu.

"Umeipata, afande."

"Nimeipata."

"Ilikuwa pale nilipokwambia?"

"Ilikuwa pale ulipokwambia. Huna kesi ya wizi tena."

Kisha akamsomea shtaka jipya. Alilisoma lote, taratibu, kwa Kiswahili chepesi, ili lisimpite. Machage alisikiliza kama mtu anayesikiliza habari za mtu mwingine. Tabasamu lilichelewa kuondoka usoni, na Evodius alilazimika kulitazama mpaka lilipokwisha.

"Subiri nielewe," alisema Machage. "Siku ile nilikwambia nimeiacha, hukuniamini, ukaniweka ndani."

"Ndiyo."

"Leo umeniamini."

Evodius alikunja karatasi.

"Ndiyo," alisema.

"Basi rudi kwenye ile ya kwanza, afande," alisema Machage, mikono yake imeshika nondo. "Kule kwenye uongo nilikuwa na kesi ya kushinda."